Risala ya Kikundi cha Tufike Kazini: Habari ya Mama Pacha na Basi la Asubuhi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Ustawi na Ajira. Maofisa mlioongozana naye. Mwenye kampuni ya mabasi pamoja na madereva na makondakta wako. Majirani, ndugu na jamaa mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi asubuhi hii:

Sisi wanachama wa Kikundi cha Tufike Kazini tunakusalimu kwa heshima, na kwa furaha ambayo tangu jana imetufanya tufagie karakana hii mara nyingi kuliko ilivyohitaji kufagiliwa.

UKARIBISHO

Karibu sana, Mheshimiwa. Umeona kwamba hatukukujengea jukwaa. Jambo hilo tulilijadili kikaoni hadi tukapandishiana sauti. Wako waliosema mgeni mkubwa hakai chini na watu. Wengine wakauliza, tukishampandisha huko juu, nani kati yetu atamfikia kumpa mkono? Hoja hiyo ikashinda. Kwa hiyo umekaa nasi kwenye sakafu moja, na kiti ulichopewa ni kizuri kuliko vyetu vyote, ukiacha vile vyenye magurudumu, ambavyo hatukuona haja ya kukupa.

Anayekusomea risala hii ni katibu wetu. Ukiona uso wake umekuelekea wewe wala hauinamii karatasi, usidhani ameikariri ili ajionyeshe. Katibu wetu haoni. Anasoma nukta nundu kwa vidole, na akikwama mahali, ujue ni baridi ya asubuhi imemgandisha vidole. Hofu hana. Tumemfahamu muda mrefu, hofu hajawahi kuwa nayo, na wakati mwingine tungependa awe nayo kidogo.

SISI NI AKINA NANI

Tulifahamiana kwenye foleni. Ilikuwa foleni ya kupokea ruzuku ya ulemavu, ile iliyokuwa ikianzia dirishani na kuzunguka ukuta hadi nyuma ya vyoo. Watu wakikaa pamoja juani lazima wazungumze, na sisi tulipochoka kuzungumzia magonjwa tukaanza kuulizana kazi. Wewe ulikuwa nani kabla? Mmoja fundi viatu. Mwingine fundi wa kuchomelea vyuma. Mwingine mpokea simu. Binti mmoja kiziwi akaonyesha kwa vidole jinsi anavyosuka nywele, na mtu wa mbele yake akavua kilemba palepale kwenye foleni, akasukwa, akalipa.

Hapo ndipo kikundi hiki kilipozaliwa. Tulianza kwenye baraza ya fundi viatu, mvua ikinyesha tunajibana kama kuku. Leo tuna karakana yenye bati juu na saruji chini, na mlango mpana kuliko mlango wowote wa mtaa huu, kwa sababu tuliujenga wenyewe na tulijua nani atapita.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, hatutajisifu sana, ila kidogo turuhusu. Sare wanazovaa watoto wa shule iliyo jirani zimeshonwa hapa. Viatu vya askari wa zamu vinaletwa hapa kutiwa soli. Lango la zahanati ulilolipita ukija, lile linalofunguka kwa kidole kimoja bila kulia, amelichomelea mwenzetu ambaye mtaa mzima unamwita Cheche. Ndiye yule pale, mwenye mguu mmoja na magongo yaliyopakwa rangi nyekundu. Anasema aliyapaka ili yasiibiwe. Sisi tunajua ni kwa ajili ya urembo.

Wenzetu kadhaa wameajiriwa nje, kwenye viwanda na maofisi, na wanakatwa kodi kama wewe. Hatuombi pole. Tumekualika uone kazi, na baada ya risala utatembezwa uone. Lakini kabla ya hapo tuna jambo.

CHANGAMOTO

Tungeweza kukusomea changamoto moja baada ya nyingine, na wewe ungetikisa kichwa kwa kila moja, kisha ukiingia garini zote zingekuwa zimechanganyikana. Kwa hiyo tumeamua kukusimulia habari ya mtu mmoja. Yupo hapa, amekaa karibu na cherehani ya dirishani, na ametupa ruhusa kwa kinywa chake.

Tunamwita Mama Pacha. Alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake na jina lake, mpaka siku alipokuwa anapita njia anayoipita kila siku na ukuta wa nyumba iliyokuwa inajengwa ukamwangukia. Alitoka hospitali akiwa hai, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Miguu ilitoka imepooza. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, siku nyingi yuko njiani, na nyumbani Mama Pacha alibaki na pacha wake wawili na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye anauza mboga mlangoni.

Huyu wifi, Mheshimiwa, ni mtu wa maneno. Siku ya kwanza alipombeba Mama Pacha mgongoni kumpeleka uani, alisimama katikati ya njia akahema, akasema, "Jamani, kaka yangu ndiye aliyeoa. Mbona mzigo naubeba mimi?"

Mama Pacha akamjibu akiwa hukohuko mgongoni, "Beba tu, wifi. Mlipolipa mahari hamkuuliza uzito."

Walicheka hadi nusura waanguke wote wawili. Ndivyo walivyoishi. Ruzuku ilikuwa inakuja, si nyingi, lakini ilikuwa na kazi zake maalumu: matairi ya kiti, mipira ya mkojo, dawa ya vidonda vya kukaa, na kumfidia wifi siku anazoacha mboga zinyauke ili amshughulikie yeye.

Kisha ukaja utaratibu mpya. Kila anayepokea ruzuku akatakiwa apimwe kama anaweza kufanya kazi. Tuseme wazi hapa mbele yako kwamba sisi hatukuupinga. Mtu anayekwambia unaweza kazi hajakutukana. Mama Pacha aliitwa, akaenda, wifi akimsukuma. Daktari alikuwa kijana mpole.

"Inua mikono," akamwambia.

Akainua.

"Kunja vidole. Kunjua. Haya, shika kalamu hii, nami niivute."

Akaishika. Daktari akavuta, akavuta tena, kalamu ikabaki kwa Mama Pacha.

"Mikono mizima kabisa," daktari akasema akitabasamu. "Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

"Basi bado ni fundi."

Mama Pacha anasema neno lile lilimwingia hadi ndani. Tangu ukuta ule umwangukie, alikuwa ameitwa mgonjwa, ameitwa maskini, ameitwa mama wa watu. Fundi hakuna aliyemwita. Alirudi nyumbani akiimba, na wifi akawaambia majirani kwamba huko hospitali wamempa dawa gani sijui, wangempa na yeye.

Haukupita muda, ofisi ikampa taarifa. Ruzuku imesimamishwa kwa kuwa uwezo wa kufanya kazi anao, na amepangiwa kazi kwenye kiwanda cha nguo upande wa pili wa mji. Akikataa kazi, au akiachishwa kwa kosa lake, ruzuku hairudi. Mama Pacha hakununa. Alishona gauni jipya la kuendea kazini kwa cherehani yake ya mkono, na asubuhi ya kwanza walikuwa kituoni kabla jua halijachomoza.

Basi likaja. Mheshimiwa, huenda ni muda mrefu hujapanda mabasi yetu, kwa hiyo turuhusu tukueleze mlango wake. Ngazi zake ni za chuma, nyembamba, zimesimama wima kama za kupandia darini. Katikati ya mlango pana nguzo ya kushikia. Juu ya ngazi ya mwisho amesimama kondakta.

"Mama, hicho kiti kitakula nafasi za watu," kondakta akasema. "Subiri linalofuata."

Linalofuata nalo likasema linalofuata. Wifi akapandwa na hasira. "Hilo linalofuata linazaliwa lini?" akauliza. "Tulipie hizo nafasi zote, tupande!"

"Dada, si nauli. Ni muda. Mpaka umpandishe huyo, mwenzangu wa nyuma ameshanipita na abiria wote."

Mwishowe wifi akachuchumaa palepale barabarani, akamtia Mama Pacha mgongoni, akapanda naye huku watu wakimsukuma kwa nyuma. Kiti kikarushwa juu ya keria pamoja na magunia. Walipofika, kiti kilishuka gurudumu moja limepinda, na gauni jipya lilikuwa na alama ya kiatu cha mtu.

Ikawa ndiyo safari ya kila siku. Wifi akaacha mboga, kwa sababu nani angemshusha mwenzake huko? Siku ambazo wifi aliumwa mgongo, Mama Pacha alibebwa na watu aliowajua na wasiomjua. Wengi walikuwa watu wema, tusiwasingizie. Lakini mtu akishakuwa wa kubebwa, kila mkono unajiona una ruhusa. Walimshika pasipopaswa kushikwa, wengine kwa kutojua, wengine wakijua sana. Alikuwa akifika kiwandani anakaa kwanza, anapanga vifungo vyake mezani kimoja kimoja, ndipo anaanza kazi. Akaacha kunywa maji asubuhi ili asihitaji choo njiani. Akaacha na chai.

Na kazi? Kazi alikuwa anaifanya vizuri mno. Alipewa kola na vifungo, na kola zake hazikuwa zikirudishwa. Tatizo lilikuwa saa ya kuingia. Msimamizi wa kiwanda alimvumilia, akamvumilia tena, hatimaye akamwita pembeni.

"Fundi, kwenye kazi yako sina neno," alimwambia. "Saa yako ndiyo inanishinda."

"Saa yangu iko kwa kondakta, bosi."

"Nami yangu iko kwa mwenye kiwanda." Msimamizi alisema hivyo akitazama sakafu. Mama Pacha anamkumbuka bila chuki.

Akaachishwa. Akaenda ofisini kuomba ruzuku irudi, na afisa akamweleza kwa upole kabisa kwamba ameachishwa kwa kuchelewa, na kuchelewa ni kosa la mfanyakazi.

"Mwanangu," Mama Pacha akamwambia, "mlinipima mikono. Njia mliipima lini?"

Afisa akafikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Mama," akasema, "hilo kwenye vipimo halimo."

Siku ile hakwenda nyumbani. Alimwambia wifi amsukume moja kwa moja mpaka hapa karakana. Akakaa pale mlangoni, akatusimulia yote haya bila kulia. Cheche alikuwa anachomelea dirisha. Akazima mashine, akapandisha ile barakoa yake ya chuma kichwani.

"Kesho unaamka saa ngapi?" akamuuliza.

"Niamke niende wapi, nimeshafukuzwa?"

"Kituoni. Tunakwenda wote."

Mheshimiwa, umesikia mengi juu ya tulichofanya pale kituoni, na mengine yametiwa chumvi. Hatukufunga barabara, wala hatukupiga kelele, wala hatukubeba mabango. Tulikubaliana mambo machache tu: kila mtu apange foleni, alipe nauli yake, na amwamkie kondakta kwa adabu. Tulikwenda kupanda basi, kama watu wanavyopanda basi. Ila tulikwenda wote: wenye viti, wenye magongo, wenye fimbo nyeupe, na wenzetu viziwi wakitusaidia kutazama linakotokea.

Basi likasimama kushusha abiria. Kondakta akatuangalia, foleni ilikuwa imeenda hadi kwenye duka la kona.

"Nyie mnakwenda harusini?" akauliza.

"Tunakwenda kazini," katibu akamjibu.

"Wote?"

"Wote. Hao waliomo ndani uliwauliza?"

Watu ndani ya basi wakaangua kicheko. Kondakta akaanza kutupandisha. Mmoja, mwingine, kiti, gongo, fimbo. Mabasi ya nyuma yakaanza kupanga mstari na kupiga honi. Zamu ya Mama Pacha ilipofika, kondakta alikuwa ametota jasho, na alimwinamia kama anavyoliinamia gunia.

"Kabla hujanishika," Mama Pacha akamwambia, "niulize."

Kondakta akasita. Honi zinalia, dereva anamwita kwa jina lake. Tulidhani atatukana. Alijifuta uso kwa mkono, akasema, "Haya mama, nikushike wapi?"

"Mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni. Usinibane. Na kiti apewe wifi, usikirushe."

Akafanya vilevile alivyoelekezwa, taratibu, akamketisha na kumnyooshea gauni magotini kama mtoto kwa mama yake. Kisha mwanamke mmoja mjamzito aliyekaa dirishani akasema kwa sauti, "Hizo ngazi hata mimi zinanitesa." Mzee mmoja akadakia, goti lake halipandi tena. Mama mwenye ndoo za biashara naye akasema yake. Siku ile tuligundua kwamba wanaoteswa na ule mlango ni wengi kuliko sisi tuliojiandikisha.

Kesho yake tukaenda tena, na keshokutwa, na siku zilizofuata, mpaka mwenye kampuni akaja mwenyewe kituoni, mikono kiunoni.

"Mnataka nini? Mnanitia hasara."

Cheche akajivuta mbele kwa magongo yake mekundu. "Tupe basi lako moja, lile kuukuu linalolala gereji. Tulifanyie kazi mlango. Likikufaa, utatuambia. Lisipokufaa, tutakurudishia ngazi zako kama zilivyo."

"Na mkiliharibu?"

"Nitakupa rehani mguu uliobaki."

Mwenye kampuni alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka mpaka akashika gari, na basi akalitoa. Yupo hapa, anaweza kutusahihisha kama tumekosea.

Hatutakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Tulitoa nguzo ya mlangoni, tukapanua mlango, tukang'oa viti viwili vitatu, na Cheche akatengeneza daraja la chuma linalokunjwa, linaloshuka kutoka sakafu ya basi hadi ukingo wa barabara. La kwanza lilikuwa kali mno. Tulipolijaribu, kiti kilirudi kinyumenyume na fundi viatu wetu akalala chali akitazama mawingu. La pili lilikuwa zuri, lakini zito, lilihitaji wanaume wawili kulinyanyua. Cheche alishinda siku nzima akilizunguka. Aliyetutoa hapo ni yule kondakta. Alikuja kuchungulia tu, akajikuna kichwa, akasema, "Si mlikate mapande mawili yakunjane kama mlango wa duka? Na mniwekee mpini hapa, niufikie bila kushuka." Likakatwa, mpini ukawekwa. Sasa analishusha kwa mkono mmoja, huku mwingine ukipokea nauli. Kondakta, simama wakuone. Hapana, usione haya. Simama.

Asubuhi basi lile lilipoanza kazi, Mama Pacha alikuwa kituoni na wifi yake. Daraja likashuka. Akalishika gurudumu kwa mikono ile ile iliyopimwa, akajisukuma, akapanda. Hakuna aliyemgusa. Alipofika juu akageuza kiti, akamtazama wifi aliyebaki chini amesimama mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Wifi, si upande?"

"Nipande niende wapi?" wifi akasema. "Mboga zangu je?" Kisha akapiga makofi, akawageukia watu wa kituoni. "Jamani nishuhudieni! Mzigo wangu umeota magurudumu!"

Msimamizi wa kiwanda alimkuta Mama Pacha langoni, lango bado limefungwa. Alimwambia, "Fundi, leo umenitangulia." Akamrudisha kazini siku ileile. Leo Mama Pacha anafundisha wengine kushona kola. Basi lile nalo linajaa kuliko yote, kwa sababu wenye mizigo na wenye watoto wachanga wanalisubiri makusudi, na linapakia upesi kuliko yale yenye ngazi. Mwenye kampuni ameshatuletea la pili bila kuombwa.

MAOMBI

Mheshimiwa, pengine unajiuliza, ikiwa mambo yamekwenda vizuri hivi, mnaniomba nini?

Tunaomba kwanza kwamba mnapotupima, mpime na njia. Mikono ya Mama Pacha ilikuwa mizima siku zote. Kilichovunjika kilikuwa kati ya mlango wa nyumba yake na mlango wa kiwanda. Daktari yule hakukosea alipomwita fundi. Palihitajika tu mtu wa pili wa kuuliza, fundi huyu atafikaje?

Tunaomba pia basi lolote jipya litakalopewa leseni liwe na mlango wa kupitika na daraja lake. Cheche yuko tayari kuonyesha mafundi wengine, na hataki kuificha kazi yake. Anachotaka ni jina lake liandikwe kwa rangi nyekundu chini ya kila moja, na hilo mtajadiliana naye.

Na ombi kubwa kuliko yote ni hili la ruzuku. Ya Mama Pacha haijarudi mpaka leo. Ofisi inasema ana kazi, hivyo haihitaji. Mheshimiwa, ruzuku haikuwa mshahara wa kukaa nyumbani. Ilikuwa inanunua matairi na mipira ya mkojo, na vitu hivyo havikukoma siku alipopata kazi. Vimeongezeka, maana anayetoka kila siku anachakaa kuliko anayekaa. Leo mshahara wake unaulipia kwanza mwili wake, na kinachobaki ndicho kinachoingia jikoni. Tunao humu mafundi hodari walioitwa kazini wakakataa. Watu wamewaita wavivu. Si wavivu, wanajua kwamba siku watakayoanza kazi ndiyo siku watakayokosa uwezo wa kuifikia. Tunaomba mtu akianza kazi, ruzuku imsindikize.

HITIMISHO

Kabla hatujamaliza, kuna jambo la wiki hii ambalo hatupendi kulificha, wala hatulisemi kwa ubaya.

Afisa mmoja wa ofisi yako alitupigia simu. Alizungumza kwa adabu. Alisema suala la Mama Pacha limeonekana, litashughulikiwa kipekee, na ruzuku yake itarudi upesi. Kwa hiyo, akasema, haitakuwa na haja tena kumchosha mgeni kwa kuisoma habari hiyo kwenye risala.

Simu hiyo aliipokea katibu. Alisema, "Subiri, mwenyewe yupo," akampa Mama Pacha simu.

Mama Pacha akasikiliza mpaka mwisho. Tulikuwa tumemzunguka. Sote tunajua gurudumu lake la kushoto lilivyo, tairi limekwisha hadi nyuzi zinaonekana, na sote tulikuwa tunaomba kimoyomoyo akubali. Hatuoni aibu kusema hivyo.

"Asante sana, mwanangu," akasema. "Na wenzangu?"

Hatukusikia alichojibiwa. Alituambia baadaye kwamba wenzake watafuata utaratibu.

Akavuta pumzi. "Basi nami niache nifuate utaratibu pamoja nao," akasema. "Mwambie mgeni aje tu. Mimi nitasomwa."

Akamrudishia katibu simu. Wifi akashika kichwa. "Wifi, umekataa pesa?"

"Nimekataa kunyamaza," Mama Pacha akamjibu. "Pesa nitaidai, na wote hawa."

Ndiyo sababu umesomewa yote haya, Mheshimiwa. Hatukukusudia kukuaibisha mbele ya watu. Sisi tunaamini kwamba hukujua. Tumekaa kwenye foleni zako kwa miaka mingi, na tukaona kwamba kati ya dirisha na kiti chako pana umbali mrefu, na maneno mengi huishia njiani. Haya yamefika. Sasa unajua, na tunakutegemea kama mtu anavyomtegemea mwenye uwezo wa kutenda.

Mwenyezi Mungu akujalie afya ya mwili na wepesi wa moyo. Akufikishe salama kila uendako, awabariki wote waliotupisha njia na hata waliotuziba kisha wakaona, na atujalie tukutane tena kwa habari njema.

Ni sisi wako,

Wanachama wote wa Kikundi cha Tufike Kazini, tuliosimama na tuliokaa.